Sumaku, Miguu na Unga wa Muhogo

Mguu ni mali ya kwanza ya mtu asiye na mali. Kwa miguu mkulima huingia jarubani, mvuvi husukuma mtumbwi majini, mama hurudi na ndoo ya maji kichwani, na mtoto huenda shule. Katika kata ya Bujonde, kama ilivyo katika uwanda wote wa Kyela ushukao hadi Ziwa Nyasa, mpunga hauoti kwa maneno; huota kwa miguu ya watu iliyozama topeni. Basi mtu aliyelala mzima, akaamka miguu yake imekaza kama gogo, asiweze kusimama ila kwa kushikwa, hapati hasara peke yake. Nyumba yake nzima imepungukiwa, na kijiji chake nacho kimepungukiwa.

Jambo kama hilo likitukia, maneno huwa mengi kuliko msaada. Huyu husema mgonjwa amekanyaga kitu. Yule husema jirani alikwisha kumtolea kauli mbaya. Kuku wauzwa, mbuzi auzwa, mganga alipwa, na siku zapita. Sisi hatuwacheki wanaosema hivyo, maana mtu asiyeonyeshwa sababu hujitafutia mwenyewe. Lakini sababu zipo, na siku hizi zaweza kuonyeshwa. Miongoni mwa vyombo vilivyosaidia kuzionyesha kimo kimoja ambacho wengi wetu hatujakisikia: chombo cha sumaku kipimacho njia ya amri kutoka ubongoni hadi mguuni.

Twataka leo kueleza kazi ya chombo hicho, na zaidi ya hapo, kueleza kile kilichotufundisha. Kwa maana chombo hicho kimetuthibitishia kwamba iko aina moja ya kupooza miguu ambayo ikishatokea haina dawa. Kwa hiyo dawa yake yote sharti ije kabla, nayo imo shambani, kinuni na jikoni.

AMRI HUSAFIRIJE?

Amri ya kutembea haianzi mguuni. Huanza juu, katika ubongo, ikashuka ndani ya uti wa mgongo hadi sehemu ya kiuno. Hapo hupokewa na mishipa mingine ya fahamu, ambayo huichukua mpaka kwenye misuli ya paja, ya muundi na ya wayo. Njia hiyo, basi, ina vipande viwili: cha juu, kutoka ubongoni hadi kiunoni, na cha chini, kutoka kiunoni hadi msulini. Kwa mtu mzima mwenye afya, safari yote kutoka utosini hadi msuli wa mbele wa muundi huchukua kadiri ya sehemu 30 za elfu moja za sekunde, na karibu nusu ya muda huo hutumika katika kila kipande. Mtu mrefu huhitaji muda mrefu kidogo kuliko mfupi, kwa kuwa njia yake ni ndefu.

Tutwae mfano wa barabara tuijuayo. Barua yatoka Mbeya kwenda Bujonde, nayo yapitia Tukuyu. Tufanye Mbeya kuwa ubongo, Tukuyu kuwa kiuno, na Bujonde kuwa mguu. Barua isipofika, mtu wa Bujonde hawezi kujua barabara imeharibika wapi. Lakini akiomba aandikiwe barua mbili, moja kutoka Mbeya na nyingine kutoka Tukuyu, atajua. Ikiwa ile ya Tukuyu imefika kwa wakati wake na ile ya Mbeya haikufika kabisa, hana haja ya kupiga ramli: barabara imekatika kati ya Mbeya na Tukuyu. Na zikifika zote mbili, akitoa muda wa barua ya Tukuyu katika muda wa barua ya Mbeya, atapata muda uliotumika katika kipande cha juu peke yake, naye ataona kama palikuwa na kuchelewa.

Hiyo ndiyo hesabu ya madaktari wapimapo miguu kwa sumaku. Ni hesabu ya kutoa, ile ile ifundishwayo watoto wa darasa la kwanza.

SUMAKU YAINGIAJE MWILINI?

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo, ingawa haikuugusa. Juu ya kanuni hiyo zimejengwa mashine zote za kufulia umeme, za mabwawa na za mafuta. Sasa, mishipa ya fahamu nayo hupeleka amri kwa njia ya umeme mdogo sana. Kwa hiyo sumaku yenye nguvu, ikiwaka na kuzimika kwa ghafula karibu na mwili, yaweza kuuamsha mshipa bila ya kuchoma sindano na bila ya kupasua ngozi.

Kabla ya hapo madaktari walitumia umeme wenyewe. Mwaka 1980 Merton na Morton, huko Uingereza, walionyesha kwamba ubongo wa mtu aliye macho waweza kuamshwa kwa umeme upitishwao katika ngozi ya kichwa. Njia hiyo ilifaa kwa elimu lakini iliumiza, na mgonjwa si mtu wa kuongezewa maumivu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa mji wa Sheffield walionyesha chombo chao. Ni duara la waya lililofungwa vizuri, nalo hupitishiwa umeme mwingi kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Hutoa sauti ya kugonga, mguu hushtuka kidogo, na jambo limekwisha.

Mgonjwa hukalishwa au hulazwa. Vibati vidogo hubandikwa juu ya msuli wa mguu ili vipokee jibu. Duara la waya huwekwa juu ya utosi, sumaku hupigwa, na chombo huandika muda uliopita mpaka msuli ukajibu. Kisha duara huwekwa mgongoni sehemu ya kiuno, likapigwa tena. Hizo ndizo barua mbili za Mbeya na Tukuyu. Miguu ina ugumu wake: sehemu ya ubongo inayoitawala imejificha ndani, katika bonde lililo kati ya nusu mbili za ubongo, wala haiko juu kama ile ya mikono. Kwa sababu hiyo yahitaji nguvu kubwa zaidi ya sumaku, na mara nyingi duara la umbo maalumu. Aidha, mwenye chuma kichwani au chombo cha kuendesha moyo hapimwi hivi hivi, na mwenye kifafa hupimwa kwa hadhari kubwa.

MWAKA ULE ULE WA 1985

Sasa na tuitazame nchi yetu. Mwaka ule ule wa 1985 ambao chombo kile kilionyeshwa huko Uingereza, katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, watu walikuwa wakianguka. Ukame ulikuwa umeharibu mazao mengine, nao watu walikuwa wakiishi kwa muhogo mchungu. Watoto na wanawake ndio walioshikwa zaidi. Mtu alikuwa mzima jana. Leo baada ya kutembea mwendo mrefu, au kuamka tu asubuhi, miguu yake yatetemeka na kukaza, magoti yagongana, visigino haviwezi kugusa chini. Madaktari, akina William Howlett, Brubaker wa Shirati, Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na Hans Rosling wa Sweden, walipopita nyumba kwa nyumba, waliwakuta wagonjwa 39.

Ugonjwa huo waitwa konzo. Jina lake latoka kwa Wayaka wa Kongo, nalo lamaanisha miguu iliyofungwa, kama mguu wa mnyama aliyenaswa mtegoni. Huko Kongo daktari Mwitaliano, Trolli, aliuandika mwaka 1938. Mwaka 1981 ulizuka katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambako wagonjwa zaidi ya 1,000 walihesabiwa katika mwaka wa ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana tena Tanzania, safari hii kusini, katika Mkoa wa Mtwara. Mahali pote habari yake ni moja: ukame au vita, umaskini, muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha, na chakula kisicho na kitoweo.

Mwaka 1993 ilitolewa taarifa ya wagonjwa wawili wa konzo, waliokuwa na ulemavu mkubwa, ambao walipelekwa Sweden wakapimwa kwa vyombo vyote vya kisasa. Ubongo wao na uti wa mgongo vilipigwa picha, na picha hazikuonyesha kasoro. Mtu wa haraka angalisema: hawa hawana kitu. Lakini sumaku ilipopigwa juu ya vichwa vyao, hata kwa nguvu yote ya chombo, misuli haikujibu. Barua ya Mbeya haikufika. Mwaka 2002 daktari wa Kongo, Désiré Tshala-Katumbay, pamoja na wenzake, walitoa taarifa ya wagonjwa wengine waliopimwa kwa umeme na kwa sumaku, nayo ilithibitisha kwamba ugonjwa umekaa katika njia ile ya juu.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye uzito wa jambo. Miguu ya mgonjwa wa konzo haikufa. Misuli ipo, na mishipa ya kipande cha chini ipo. Kilichoharibika ni njia ya juu, itokayo ubongoni, na njia hiyo ikishaharibika hairudi. Ndiyo sababu kukanda kwa mafuta, kuchanja chale na kufukiza hakujamwinua mgonjwa wa konzo hata mmoja. Si kwamba mganga fulani ni dhaifu kuliko mwingine. Ni kwamba hata hospitali kubwa za Ulaya hazina dawa ya kuirudisha njia hiyo. Lakini liko jambo la kushukuru: konzo haiambukizi, na baada ya siku zake za kwanza haiendelei kuzidi, ila mtu akila tena sumu ile. Akili ya mgonjwa ni timamu. Akipewa fimbo, mazoezi ya viungo na kazi inayomfaa, aweza kusoma, kushona, kufundisha na kulea. Kumficha ndani ni kumlemaza mara ya pili.

SUMU YATOKA WAPI?

Tusiulaumu muhogo. Muhogo umeokoa watu wengi wa Afrika wasife kwa njaa, na tangu zamani za ukoloni wakulima walihimizwa kuupanda kuwa akiba. Muhogo mchungu hasa wapendwa kwa sababu nzuri: nguruwe na nyani hawaupendi, mwizi hawezi kuung'oa akautafuna, nao hustahimili ardhi mbaya. Uchungu huo ndio silaha yake. Ndani ya mzizi imo dawa ambayo, muhogo ukipondwa au ukivunda, hugeuka ikatoa sumu ya sayanidi. Wakati wa ukame mmea huizidisha.

Wazee wetu waliijua sumu hiyo kabla haijapewa jina la kitaalamu. Kuroweka muhogo majini siku tatu au zaidi, kuuvundika, kuumenya na kuuanika hata ukauke kabisa, yote hayo yalikuwa maarifa, wala haikuwa kupoteza muda. Sumu hutoka na maji na upepo. Maafa huja pale njaa inapowahimiza watu wazikate siku: muhogo wapondwa leo, waanikwa leo, na jioni ni ugali. Na si njaa peke yake. Huko Bandundu, Kongo, wachunguzi waliona kwamba wafanyabiashara walipokuja kununua muhogo kwa ajili ya mji wa Kinshasa, watu walifupisha siku za kuroweka ili wauze upesi. Fedha ya haraka iliingia mlango mmoja, na konzo ikaingia mlango wa pili.

Mwili nao una kinga yake. Hutwaa salfa iliyomo katika protini, ukaitumia kuigeuza sayanidi kuwa kitu kisicho kikali, kikatoka na mkojo. Lakini protini hiyo hutoka katika samaki, maharage, nyama, maziwa na mayai. Mtu alaye ugali wa muhogo kwa majani matupu, asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, hana silaha ya kupigana.

Hapo ndipo watu wa Bujonde wanapopaswa kuitambua baraka yao na kuilinda. Uwanda wa Kyela hupata mvua nyingi. Una mpunga, ndizi, kakao na maharage, na ziwa latoa usipa na mbasa. Chungu chenye vyakula vya namna nyingi ni ngome. Lakini ngome huvunjika. Mafuriko yakichukua mpunga, au mchele wote ukiuzwa ukiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, familia hurudi kwenye muhogo mtupu. Mkulima anayeuza mchele na usipa wote ili anunue unga wa bei rahisi amebadilisha ngome yake kwa deni. Lishe njema si jambo la anasa; ni ulinzi wa mishipa ya fahamu ya mtoto.

SI KILA MGUU NI KONZO

Jambo la pili lapasa kusemwa kwa sauti hiyo hiyo. Yako maradhi mengine yanayoishika miguu, nayo baadhi yake yana dawa. Kifua kikuu chaweza kuingia katika mifupa ya mgongo na kuubana uti wake, kinatibika. Kichocho, ambacho watu wa Ziwa Nyasa wanakijua, aghalabu hushika kibofu au tumbo, lakini mara chache mayai yake hufika katika uti wa mgongo sehemu ya chini. Nacho kina dawa ya prazikwanteli pamoja na dawa nyingine za kutuliza uvimbe. Kisukari na ukoma huharibu kipande cha chini cha njia, yaani mishipa ya mguu yenyewe. Polio huua chembe zilizo mwanzo wa kipande hicho cha chini, mguu ukawa mlegevu, wala haukazi. Kwa maradhi ya namna hizi kila wiki inayopotea kwa mganga ni mguu unaopotea.

Je, kata ya vijijini itapata wapi chombo cha sumaku? Haina haja ya kukingoja. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1996 alama tatu za kuitambua konzo, na hakuna hata moja inayodai mashine. Kwanza, miguu yote miwili imekaza sawasawa mtu anapotembea au kukimbia. Pili, ugonjwa ulianza ghafula, katika muda usiozidi wiki moja, kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha haukuendelea kuzidi. Tatu, goti au kifundo kikigongwa hurusha mguu kupita kiasi, na mgongo hauna dalili ya ugonjwa. Nyundo ndogo ya mpira yatosha. Sumaku ilikuwa shahidi aliyethibitisha kwamba nyundo hiyo haikusema uongo.

Basi mgonjwa apelekwe zahanati upesi, na kutoka huko hospitali ya wilaya. Na aulizwe maneno haya: Je, ganzi ipo? Je, mkojo umezuia au watoka wenyewe? Je, mgongo wauma au umepinda? Je, ugonjwa wazidi siku hata siku? Konzo kwa kawaida haiondoi hisia za ngozi wala haiharibu kibofu. Majibu yakiwa ndiyo, yamkini ni ugonjwa mwingine, na huenda dawa yake ipo.

KAZI YA MIKONO YETU

Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia, pamoja na wenzake, alitengeneza njia rahisi ya kuondoa sumu iliyobaki katika unga. Haihitaji fedha. Unga wa muhogo watiwa katika beseni, na alama ya kimo chake ikawekwa ndani ya beseni. Maji hutiwa huku ukikorogwa. Unga hushuka kwanza, kisha hupanda, na ukifika tena penye alama maji yametosha. Huo unga wenye majimaji hutandazwa juu ya jamvi au sinia, unene usizidi sentimita moja, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka hewani. Kisha ugali hupikwa siku hiyo hiyo. Sayanidi hupungua hata kufikia theluthi ya ilivyokuwa, au chini ya hapo. Kipimo cha salama kilichowekwa na mashirika ya dunia ni miligramu 10 katika kilo moja ya unga. Kwa hiyo unga uliotengenezwa ovyo tangu mwanzo haufai kutegemea njia hii peke yake. Katika Mtwara wanawake walifundishwa njia hiyo wakaipokea. Katika kijiji cha Kay Kalenda, Kongo, kilichokuwa kikisumbuliwa na konzo, taarifa ya mwaka 2012 ilisema kwamba baada ya wanawake kufundishwa hapakuonekana wagonjwa wapya.

Kazi hii isiachiwe akina mama peke yao, kana kwamba sumu hutoka mikononi mwao. Mume anayeudai ugali kabla muhogo haujakauka ana sehemu yake. Mfanyabiashara anayenunua makopa mabichi kwa kuwa yana uzito ana sehemu yake. Kamati ya kijiji isiyoweka akiba ya nafaka, na mwalimu asiyewaambia watoto, nao wana sehemu yao. Mwaka 1961 taifa lilitaja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika konzo maadui hao hawakuja mmoja mmoja. Wameketi pamoja katika chungu kimoja.

Sumaku imekwisha kufanya kazi yake. Imetuonyesha mahali barabara ilipokatika, na kwamba hakuna fundi awezaye kuiunga tena. Iliyobaki ni kazi yetu: kuuroweka muhogo siku zake zote, kuuanika mpaka ukauke, kutandaza unga jamvini, kuweka maharage na samaki katika sahani ya mtoto kabla ya kuvipeleka sokoni, na kumpeleka hospitali mapema kila ambaye miguu yake imeanza kumkataa. Siku tatu za kuroweka muhogo ni fupi sana ukizilinganisha na miaka hamsini ya kutembelea fimbo.